Tatizo Kwanza, Somo Baadaye: Ujifunzaji Unaoanzia Kwenye Tatizo ni Nini Hasa?

Kila mtaala mpya unapotangazwa, maneno mengi huingia midomoni mwa watu kwa mkupuo: kujifunza kwa vitendo, kujifunza kwa miradi, kazi za vikundi, kujifunza kwa kutatua matatizo. Mzazi husikia kwamba walimu sasa wameacha kufundisha. Mwalimu husikia kwamba anatakiwa akae pembeni atazame. Wanafunzi nao huambiwa wakae watano watano na kupewa swali, na kipindi kinapokwisha mmoja ameandika majibu yote huku wenzake wanne wakipiga soga. Mambo haya manne ni tofauti, lakini kwa kuwa yote huitwa "mbinu shirikishi", ubaya wa moja hubebeshwa mengine yote.

Makala hii inashughulikia moja tu kati ya hayo, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya zaidi na ndilo lenye faida kubwa likifanywa sawasawa.

Ujifunzaji unaoanzia kwenye tatizo ni utaratibu ambao wanafunzi hukutana na tatizo kabla hawajafundishwa maarifa ya kulitatua. Hulijadili kwa kile kidogo wanachokijua na kufika mahali ujuzi wao unapokomea. Hapo huandika maswali wanayohitaji kujibiwa, huyatafutia majibu vitabuni au kwa mwalimu, kisha hurudi kwenye tatizo lile lile na kulieleza upya. Neno lenye uzito katika maelezo haya ni "kabla". Mwalimu akifundisha mada kwanza halafu akatoa swali la maisha mwishoni, hilo ni zoezi. Zoezi zuri lina nafasi yake, ila si jambo tunalolizungumzia hapa.

Miradi ni kitu kingine tena. Katika mradi lengo ni kutengeneza kitu: bustani, ripoti, kielelezo, mashine ndogo. Kazi huchukua wiki kadhaa na hupimwa kwa kile kilichotoka. Tatizo, kwa maana ya makala hii, linaweza kumalizika kwa vipindi vitatu na lisizae chochote cha kuonyesha zaidi ya maelezo sahihi vichwani mwa wanafunzi. Kazi ya kikundi nayo ni namna ya kukaa tu. Inaweza kutumiwa ndani ya njia yoyote, ikiwemo ile ya kukariri.

Ilikotoka

Njia hii ilianzia kwenye mafunzo ya udaktari. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada kilipokea kundi la kwanza la wanafunzi wa udaktari, na badala ya kuwafungia miaka ya mwanzo katika mihadhara ya anatomia na baiolojia, kiliwakalisha katika vikundi vidogo mbele ya masimulizi ya wagonjwa. Kero iliyokuwapo vyuoni ilijulikana: wanafunzi walikariri kwa miaka, wakafaulu, halafu wakifika kando ya kitanda cha mgonjwa hawaoni uhusiano kati ya walichokikariri na mtu anayekohoa mbele yao. Daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows, aliyefundisha hapo, alikuja kuwa mmoja wa waliouandikia sana utaratibu huu na kuueneza.

Mwaka 1974 Uholanzi ilifungua kitivo cha udaktari mjini Maastricht kwa msingi huo huo, na huko ndiko utaratibu ulikopangwa katika hatua saba zinazofuatwa hadi leo: kuelewa maneno, kukubaliana tatizo ni lipi, kubungua bongo, kupanga mawazo, kuandika malengo ya kujifunza, kujisomea, na kurudi kuelezana. Baadaye njia ilisambaa kwenye uhandisi, sheria, biashara na shule za kawaida. Ilivyosambaa, hatua zilianza kupunguzwa kimyakimya, na nyingi ya lawama zinazosikika leo zinatokana na huko kupunguza.

Kwa nini tatizo litangulie

Mtu aliyepotea njia humsikiliza anayemwelekeza kwa masikio yote mawili, maana kila jina la mtaa lina mahali pa kukaa kichwani mwake. Ambaye hajaanza safari husikia majina tu. Ndivyo ilivyo darasani. Mwanafunzi aliyehangaika na jambo kwa dakika 20 anajua hasa asichokijua, na maelezo yanayokuja baadaye hujaza pengo lililokwisha kufunguka.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1989 mtafiti wa Uholanzi Henk Schmidt na wenzake waliwapa wanafunzi fumbo: chembe nyekundu ya damu ikiwekwa kwenye maji matupu huvimba, ikiwekwa kwenye maji ya chumvi husinyaa. Wanafunzi walilijadili katika vikundi vidogo bila kufundishwa chochote. Wengine walijadili suala lisilohusiana kabisa. Kisha wote walisoma maandishi yale yale kuhusu osmosisi, yaani mwendo wa maji kupitia utando unaopitisha maji na kuzuia vitu vilivyoyeyuka. Waliojadili fumbo la chembe ya damu walikumbuka mengi zaidi ya yale waliyosoma, wakiwemo wale ambao awali hawakuwa na ujuzi wowote wa mada hiyo na walioyajadili mambo kwa makosa.

Hilo la makosa linafaa kuangaliwa kwa karibu. Walimu wengi huogopa kwamba mwanafunzi akisema jambo la uongo kwa sauti, litamganda. Hatari hiyo ipo, lakini hutokea pale kosa linapoachwa bila kurudiwa. Likirudiwa na kusahihishwa na mwenyewe aliyelisema, mara nyingi huwa ndilo linalofanya jibu sahihi lisisahaulike.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue osmosisi hiyo hiyo, kwa kuwa vifaa vyake ni viazi mviringo, maji na chumvi.

Mwalimu anakata vipande vya kiazi vyenye urefu wa sentimita 5 na unene wa nusu sentimita. Vingine anavitumbukiza kwenye maji matupu, vingine kwenye nusu lita ya maji yaliyokorogewa vijiko vitatu vya chai vya chumvi. Anaviweka mapema, dakika 40 hivi kabla ya kipindi. Wanafunzi wanapoingia wanakuta vipande viwili mezani kwa kila kikundi: kimoja kigumu kinachovunjika kwa mlio, kingine kinachopindika kama mpira. Karatasi ya tatizo ina mistari michache tu:

"Vipande hivi vimetoka kwenye kiazi kimoja. Vyote vimelowekwa kwa muda ule ule, na vyote vilizungukwa na maji pande zote. Kimoja kimekuwa kigumu zaidi kuliko kilivyokuwa, kingine kimelegea. Elezeni kilichotokea ndani ya kila kipande."

Angalia ambavyo havimo. Neno "osmosisi" halimo, kwa hiyo hakuna cha kunakili kutoka faharasa ya kitabu au simu. Neno "chumvi" nalo halijatajwa kwenye karatasi, ila mwanafunzi anaruhusiwa kuonja tone la maji na kuligundua, mradi vyombo na vifaa vilivyotumika ni vya jikoni na havijawahi kuingia maabara. Na kuna mgongano wa kweli: vyote vimekaa majini, mbona kimoja kimepoteza maji?

Dakika tano za kwanza ni za kusoma na kuulizana maneno. Tano zinazofuata ni za kukubaliana tatizo lenyewe kwa sentensi moja. Hatua hii hurukwa sana kwa kuonekana ya kitoto, na ikirukwa nusu ya kikundi hueleza kwa nini kiazi kimekuwa kigumu huku nusu nyingine ikibishana chumvi inaharibu viazi au la. Kisha dakika 15 za kubungua bongo, mwandishi wa kikundi akiandika kila wazo bila kulihukumu. Yatakayotoka yanatabirika: chumvi imekiunguza kiazi, chumvi inakunywa maji, maji ya chumvi ni mazito kwa hiyo yameshindwa kupenya.

Hapo ndipo mwalimu anapofanya kazi yake ngumu zaidi, ambayo ni kuuliza swali moja na kunyamaza. Kwa wazo la tatu anaweza kuuliza: "Kama maji ya chumvi yameshindwa kuingia tu, kipande kingebaki kama kilivyokuwa. Kwa nini kimelegea? Maji yaliyokuwamo yamekwenda wapi?" Swali hilo halitoi jibu. Linaonyesha kwamba maelezo yao hayafiki hadi mwisho wa ushahidi ulio mezani.

Mwandishi anagawa karatasi au ubao safu nne: tunachokijua, tunachodhani, tunachohitaji kujua, na tutakipataje. Safu ya tatu ndiyo mavuno ya kipindi cha kwanza. Kufikia dakika ya 40 kila kikundi kinapaswa kuwa na maswali matatu hivi yaliyoandikwa vizuri: Ni nini kinaizunguka seli, na kinapitisha nini na kuzuia nini? Maji huelekea upande gani pande mbili zikitofautiana kwa chumvi? Ni nini huipa ugumu sehemu ya mmea isiyo na mbao? Swali kama "osmosisi ni nini" halijafika, na swali kama "tusome kuhusu seli" ni pana mno. Mwalimu apite akiyakagua kabla hawajatawanyika. Asipofanya hivyo, kazi ya kujisomea itapotelea porini.

Kipindi cha pili ni cha kusoma. Kitabu cha kiada kinatosha. Mwalimu anaweza pia kutoa somo la moja kwa moja la dakika 15 kuhusu utando wa seli, na hakuna kilichovunjwa kwa kufanya hivyo, maana somo hilo sasa linajibu swali lililoulizwa na wanafunzi wenyewe. Kipindi cha tatu wanarudi kwenye vipande vya kiazi. Dakika 20 za kuelezana ndani ya vikundi, 10 za darasa zima kukubaliana maelezo yaliyo sahihi na kuyafuta yale ya siku ya kwanza moja baada ya jingine, 10 za maswali mawili ya kujibu kila mtu peke yake.

Maswali hayo mawili yasihusu viazi. Kwa nini maji ya dripu hospitalini huwa na gramu 9 za chumvi kwa kila lita, na ingekuwaje kama yangekuwa maji matupu? Kwa nini samaki aliyetiwa chumvi nyingi hukawia kuoza? Mwanafunzi aliyeelewa anaona kwamba chembe ya damu ingevimba na kupasuka, na kwamba chumvi huwanyang'anya maji bakteria wanaoozesha. Aliyekariri "mwendo wa maji kutoka penye mmumunyo hafifu kwenda penye mmumunyo mkali" anaweza kubaki kimya mbele ya maswali yote mawili.

Tatizo zuri hutengenezwaje

Ubora wa tatizo huamua karibu kila kitu, na kulitunga huchukua muda mrefu kuliko kuandaa somo la kawaida. Anza kutoka mwisho: andika mambo matatu au manne ambayo mtaala unataka mwanafunzi ayajue, kisha tafuta hali ambayo haiwezi kuelezeka bila hayo. Ukiweza kulitatua tatizo bila kugusa lengo hata moja, ni hadithi ya kuchangamsha tu.

Tatizo linafaa kuwa na jambo linaloonekana kujipinga, liwe dogo kiasi cha kuelezeka kwa aya moja, na liguse jambo ambalo wanafunzi tayari wana mawazo fulani kulihusu, hata kama mawazo hayo ni potofu. "Jadilini mabadiliko ya tabianchi" si tatizo, ni kichwa cha habari. Kwa upande wa pili, "bomba linavuja mililita 250 kila dakika 10, litamwaga lita ngapi kwa siku" ni hesabu yenye jibu moja, lita 36, na mwenye kujua kuzidisha analimaliza kabla wenzake hawajafungua madaftari. Hesabu hiyo hiyo inaweza kugeuzwa: bomba linavuja, bei ya fundi inajulikana, ankara ya maji inajulikana, je, ni baada ya siku ngapi kulitengeneza kunakuwa nafuu kuliko kuliacha, na ni vipimo gani mnahitaji ambavyo hamkupewa? Hapo pana cha kujadili, kwa kuwa lazima kwanza waamue cha kupima.

Lijaribu kwa mwalimu mwenzako wa somo jingine kabla ya kulipeleka darasani. Akitoa jibu sahihi kwa dakika mbili, ni jepesi. Asipojua hata pa kuanzia, litawashinda wanafunzi pia.

Mambo yanapoharibika

Kosa linalojificha kuliko yote ni kugawana maswali. Kikundi kina maswali matatu na watu sita, basi wawili wanachukua la kwanza, wawili la pili, wawili la tatu. Inaonekana ni haki na inaokoa muda. Matokeo yake ni kwamba kila mwanafunzi amejifunza theluthi moja, na siku ya kuelezana wanaambiana wasichoweza kukihoji. Kila mmoja asome maswali yote. Kinachoweza kugawanywa ni vyanzo: huyu asome kitabu hiki, yule kile, ili majibu yapambanishwe.

La pili ni mwanafunzi mmoja kuubeba mzigo wa wote. Kuwasihi washirikiane hakusaidii. Kinachosaidia ni kumpa kila mmoja namba, moja hadi sita, na mwalimu kutaja namba kwa kubahatisha wakati wa kuwasilisha. Aliyetajwa ndiye anayesimama, awe nani. Ghafla wenye kujua wanakuwa na sababu ya kuhakikisha wasiojua wameelewa. Nafasi za mwenyekiti, mwandishi na mtunza muda nazo zizunguke kila tatizo jipya. Zisipozunguka, mwenye mwandiko mzuri atakuwa mwandishi wa kudumu na hatachangia wazo hata moja mwaka mzima.

Ukubwa wa kikundi ni jambo la hesabu zaidi kuliko la falsafa. Watano hadi wanane ni kipimo kinachofanya kazi vyuoni kikundi kikiwa na mwezeshaji wake, yaani mtu wa kuuliza maswali na kuongoza mjadala bila kutoa majibu. Darasa la wanafunzi 60 lenye mwalimu mmoja lina vikundi 10 vya watu sita, na hakuna mwalimu awezaye kukaa kwenye vikundi 10. Basi asimamishe darasa zima kila baada ya dakika 10, kikundi kimoja kitaje wazo moja, vingine viseme kama vimeliona. Aandae pia kadi tatu za vidokezo kwa kila tatizo, kuanzia dokezo dogo hadi kubwa, na kikundi kilichokwama kiombe kadi kwa utaratibu. Kadi hizo humwepusha na mtego wa kuwaeleza jibu kwa sababu tu amechoka kuzunguka.

Na kuna kosa la kuishia njiani. Kipindi cha kwanza huwa na shangwe, vidole vinainuka, mwalimu anafurahi, halafu ratiba inabana na kipindi cha tatu hakifanyiki. Wanafunzi hubaki na mawazo yao potofu, sasa yakiwa yameimarishwa kwa mjadala. Kama hakuna muda wa kurudi kwenye tatizo, ni afadhali kufundisha kwa mhadhara tangu mwanzo. Sisemi hivyo kwa wepesi: tatizo lisilofungwa linadhuru kuliko somo la kawaida.

Je, matokeo ya mitihani hupanda?

Hapa ndipo takwimu zinapowachanganya watu, kwa sababu jibu hutegemea unapima nini na lini. Mwaka 2003 Filip Dochy na wenzake walichambua tafiti 43 kwa pamoja, nyingi zikiwa za vyuo. Walikuta wanafunzi waliojifunza kwa njia hii wakiwa bora waziwazi katika kutumia maarifa. Katika kutaja maarifa yenyewe walikuwa nyuma kidogo, ila walichokijua walikikumbuka kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2009 Johannes Strobel na Angela van Barneveld walipitia chambuzi zilizokuwapo na kufikia picha inayofanana: mafundisho ya kawaida yanashinda kwenye mtihani wa kukumbuka unaofanywa karibu na somo, na ujifunzaji wa tatizo unashinda muda ukipita na pale ujuzi unapotakiwa kutumika.

Mwaka huo huo wa 2009 John Hattie, aliyejumlisha mamia ya chambuzi za elimu, aliupa ujifunzaji huu alama ya 0.15, katika kipimo kinachoonyesha mbinu inainua matokeo ya wanafunzi kwa kiasi gani, wakati yeye mwenyewe alichukulia 0.40 kuwa mstari wa mambo yanayofaa kupewa kipaumbele. Namba hiyo imesambazwa sana kama ushahidi kwamba njia haifai. Wanaoisambaza huacha kusema kwamba wastani huo unachanganya vipimo vya kukariri na vya kutumia, na kwamba Hattie mwenyewe alieleza kuwa faida yake iko kwenye uelewa wa kina kuliko ujuzi wa juu juu. Huacha pia kusema kwamba kufundisha stadi za kutatua matatizo, jambo la karibu lakini tofauti, alilipa 0.61.

Kwa mwalimu anayetazama mtihani wa taifa, maana yake ni hii: kama mtihani unauliza "taja" na "orodhesha" tu, usitegemee alama zipande kwa sababu ya njia hii peke yake. Unahitaji dakika chache za marudio ya kujipima kila wiki, mwanafunzi akijibu bila kufungua daftari. Kama mtihani unauliza "eleza kwa nini" na "tabiri", faida itaonekana.

Pingamizi zito zaidi lilitolewa mwaka 2006 na Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark. Hoja yao: akili ya mtu inaweza kushika vitu vichache mno kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayeanza, akiachiwa tatizo zito bila mwongozo, hutumia nguvu zote kutafuta njia na hakuna kinachobaki cha kujifunzia. Hoja hiyo ni ya kweli na inafaa kuchukuliwa kwa uzito. Mwaka uliofuata Cindy Hmelo-Silver na wenzake walijibu kwamba ujifunzaji wa tatizo ukifanywa inavyotakiwa haukosi mwongozo. Safu nne ubaoni, maswali ya mwalimu, vidokezo na hatua za kufuata vyote ni mwongozo. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinampa mwalimu ushauri mmoja wa kazi: pima wanafunzi wako wanajua nini kabla ya kuwapa tatizo. Wasio na msingi wowote wapewe kwanza mifano iliyotatuliwa, hatua zote zikionekana, kisha mifano yenye hatua zilizoachwa wazi, ndipo tatizo kamili.

Ndiyo maana pia mada nyingine hazifai kabisa. Kusoma herufi, jedwali la kuzidisha, matamshi ya lugha mpya, na kanuni za usalama maabara vifundishwe moja kwa moja na kufanyiwa mazoezi. Hakuna faida ya mwanafunzi kugundua mwenyewe kwamba asidi inaunguza.

Yanayosemwa ambayo si kweli

"Binadamu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na asilimia 90 ya anachofanya." Namba hizi huning'inizwa kwenye kuta za semina za walimu na kutumiwa kutetea njia hii. Hutundikwa kwa jina la Edgar Dale, lakini mchoro alioutoa mwaka 1946 haukuwa na asilimia yoyote. Ziliongezwa baadaye na wengine bila utafiti. Njia yenye ushahidi wake wa kutosha haihitaji kutetewa kwa namba za kubuni.

"Ni ya wanafunzi wenye akili." Mwanafunzi mwenye ujuzi mdogo hufaidika akipewa vidokezo zaidi na muda zaidi, na huumia akiachwa. Tatizo liko kwenye kiasi cha msaada.

"Inahitaji intaneti na maabara." McMaster walianza mwaka 1969 kwa karatasi na maktaba. Intaneti husaidia kusoma na huharibu kubungua bongo, kwa hiyo simu zikae mbali katika kipindi cha kwanza.

"Mtaala hautaisha." Hili lina ukweli. Mfano wa kiazi umetumia vipindi vitatu kwa mada ambayo mhadhara ungeimaliza kwa viwili. Anayejaribu kuugeuza muhula mzima kuwa matatizo atakwama kabla ya katikati. Mwalimu anayeanza achague mada moja au mbili kwa muhula, zile ambazo wanafunzi wa miaka iliyopita walijibu vibaya kwenye maswali ya "kwa nini" ilhali walifundishwa vizuri. Kipindi cha ziada hufidiwa na muda wa marudio usiohitajika tena kwa mada hizo.

Kuhusu alama, sehemu kubwa iwe ya mtu binafsi. Mgawanyo wa alama 70 za majibu ya peke yake na 30 za kazi ya kikundi humlinda mwanafunzi mwenye bidii asiangushwe na wenzake, na humzuia mvivu kujificha nyuma yao. Katika zile 30, nusu zitolewe kwa ubora wa maswali waliyoandika mwisho wa kipindi cha kwanza, zikatolewe siku hiyo hiyo kabla hawajasoma chochote. Wakishajua kwamba maswali yana alama, kufikia tatizo la tatu au la nne maswali ya "tusome kuhusu seli" huanza kupungua, na mwalimu anaweza kuondoa kadi ya kwanza ya vidokezo.